Nyumba Yangu Inayumba Barabarani

Walionipigia simu wiki hii kunipa pole ni wachache. Walionipigia kunicheka ni wengi, na siwalaumu. Ningekuwa ninyi, ningecheka mpaka nishike mbavu.

Kwa yule aliyekosa gazeti: mimi ni mjane niliyeolewa tena uzeeni. Maisha yangu yote ya kazi nimeendesha gari la mikate. Nilipostaafu nikanunua gari la kuishi, lile lenye kitanda nyuma, jiko katikati, choo cha kujibana ubavuni na usukani mbele. Nikasema nitaizunguka nchi na mume wangu mpya mpaka tuchoke.

Mume mwenyewe anaitwa Rubani. Hajawahi kurusha ndege hata ya karatasi. Alikuwa akiendesha kile kitrekta kinachovuta mizigo ya abiria pale uwanja wa ndege. Lakini mkalie karibu akianza kusimulia, utadhani mawingu yote anayajua kwa majina.

Aliniambia hana mke wala mtoto. Ana suti na historia tu. Nikampenda hivyo hivyo.

Siku ya kwanza ya safari akanitoa kwenye usukani. "Mke wangu, wewe umeshachoshwa na magari. Kapumzike. Niachie mimi." Nikajiambia, hapa ndipo nilipopata mume. Nikaenda nyuma, nikajilaza kitandani kama malkia.

Malkia huyo ndiye mliyemwacha wiki iliyopita amekaa juu ya sahani zilizovunjika. Lori la mchanga lilitupita, nyumba yetu ikayumba kulia, ikayumba kushoto, ikatoka kwenye lami na kusimama vichakani. Uhai wetu ulibaki unaning'inia.

Nilipotoka nje nikiwa na mchuzi kichwani, nilimkuta Rubani amejishika kiuno, anatazama angani.

"Ni upepo," akasema.

"Upepo gani? Majani hayo yametulia."

"Upepo wa juu. Wewe huwezi kuuona."

Tukajikokota polepole hadi gereji ya kwanza tuliyoiona. Ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu: DAKTARI WA STELINGI, yaani usukani. Mwenye gereji alitoka amevaa koti jeupe kweli kweli la daktari, ila kila mfuko umejaa oili. Ndevu zake zimechongwa vizuri kuliko gari lolote lililokuwa pale uani.

"Mgonjwa anasumbuliwa na nini?" akauliza.

"Linayumba," nikasema.

"Linavuta upande mmoja au pande zote?"

"Kushoto," akasema Rubani.

"Pande zote," nikasema mimi.

Fundi akatutazama kwa zamu. "Wanandoa, chagueni jibu moja."

"Fundi, huyu alikuwa amelala nyuma," Rubani akasema. "Atajuaje?"

"Nilikuwa nimelala, Rubani. Sikuwa nimekufa."

Fundi akanigeukia mimi. Hapo nikampenda kidogo. "Likienda polepole je?"

"Linatulia."

"Ukiongeza mwendo?"

"Linaelea kama barabara imepakwa sabuni."

"Na lori likipita?"

"Linatuvuta kwake, halafu linatusukuma. Dereva anahangaika na usukani kama mtu anayekaanga bisi."

"Si kweli," akasema Rubani.

Daktari akapiga magoti mbele ya tairi la kushoto, akalipima upepo, akaguna kama aliyeona ajali. Tairi lilikuwa limelegea. Akalijaza, akalipigapiga kofi, akasimama na kutangaza kuwa kazi imekwisha.

"Tairi tu?" nikauliza.

"Mama, watu wanakufa kwa tairi tu."

Tukaingia barabarani kujaribu, Rubani kwenye usukani, fundi pembeni yake, mimi nyuma kitandani kwangu. Hatukufika mbali. Basi moja likatupita na nyumba ikacheza ngoma ile ile. Nikasikia sauti ya fundi kutoka mbele, nyembamba kama ya mtoto: "Simamisha! Mzee, simamisha!"

Aliposhuka alikuwa ameshika kifua cha koti lake.

"Ule ulikuwa ugonjwa mdogo," akasema. "Sasa tumtafute mama yake."

Tuliporudi gereji akaingiza jeki, akainua tairi moja la mbele likaning'inia. Akalishika juu na chini, akalitikisa. Kimya. "Beringi ya gurudumu ni nzima," akasema. Akalishika pembeni, mkono huku na mkono huku, akatikisa tena. Tukasikia: ko, ko, ko.

"Mmesikia?"

"Huo ni mlango wa jikoni," akasema Rubani.

Fundi akamwacha kama alivyo. Akashusha jeki, akajilaza chini ya gari, akabaki miguu tu. "Mama, nenda kwenye usukani. Zungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Usiache mpaka niseme."

Rubani akaruka. "Aa, hapo nitakaa mimi."

"Nimesema mama," miguu ikajibu.

Nikakaa. Ndugu zangu, tangu safari ianze nilikuwa sijagusa usukani wa gari nililolinunua mwenyewe. Nikauzungusha. Viganja vyangu vikajua kabla ya kichwa. Usukani ulikuwa unakwenda, unakwenda, na matairi yametulia tu kama mtoto anayejifanya hajasikia anaitwa. Ndipo yakashtuka na kufuata.

"Umechoka!" nikapiga kelele. "Una nafasi humu ya kupitisha trei ya mikate!"

"Mama, njoo uone!"

Nikainama. Fundi alikuwa amekishika chuma kirefu kinachounganisha matairi mawili ya mbele. "Hii ni tairodi. Inachukua amri ya usukani inaipeleka kwenye tairi. Kichwa chake kimelegea. Wewe unaamuru, yenyewe inafikiria kwanza."

"Namjua mtu wa hivyo," nikasema.

Rubani akakohoa.

Vichwa vya tairodi vikabadilishwa pande zote mbili. Fundi akafunga kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akapima, akakaza, akalegeza, akapima tena mpaka matairi yakatazama mbele kwa pamoja. Halafu akavua koti lake la kidaktari na kulitundika. Kwa hilo nilielewa kuwa amemaliza na anangoja kusifiwa.

Tukatoka tena. Mwanzoni, raha. Rubani akigusa usukani, gari linaitikia hapo hapo. Akaanza hata kupiga mluzi. Kisha barabara ikanyooka, akaongeza mwendo, na mluzi ukamkatikia mdomoni. Nyumba ilikuwa inaelea. Haikuyumba kama mwanzo, lakini ilielea, kama vile matairi ya mbele yanaigusa lami kwa kuionea haya.

Fundi akashuka. Akalizunguka gari. Akaupiga teke udongo.

"Haiwezekani," akasema. "Nimeondoa ugonjwa kwa mikono yangu."

Hapo ndipo mume wangu alipopata nafasi yake. Akamshika fundi bega, akashusha sauti, ila si sana. Alitaka nisikie.

"Fundi, tuseme ukweli kama wanaume. Mke wangu hulala nyuma kabisa ya gari. Na mke wangu, Mungu amzidishie, ana mwili."

Fundi akaanza kujifuta mikono ambayo tayari ilikuwa safi.

Wasomaji, nimetukanwa na polisi wa barabarani, na wenye maduka ambao mikate yao ilichelewa. Lakini kuambiwa mimi ndiye ninayeinua gari la tani kadhaa, hilo lilikuwa geni. Nikajikaza kisabuni.

"Sawa," nikasema. "Nitakaa mbele. Tujaribu tena."

Tukajaribu tena. Mimi mbele na mwili wangu wote, fundi kwenye benchi la jikoni, kitanda kitupu. Gari likaelea vile vile. Lori likapita, tukapelekwa pembeni vile vile.

Fundi akanyoosha kidole. "Mzee, mama ameondoka nyuma na ugonjwa umebaki. Umemsingizia."

"Nilikuwa nabahatisha tu," akasema Rubani.

"Ungebahatisha kwa mwili wako," nikamwambia.

Tulipofika gereji fundi hakushika spana. Alienda mbali kidogo, akachuchumaa, akalitazama gari kwa ubavu kwa muda mrefu. Kisha akaniita kwa kidole. Nikachuchumaa naye, na magoti yangu yakalalamika.

"Unaona nini?"

Nikaona. Nilishangaa sikuona mapema. Pua ya gari ilikuwa juu na nyuma kumekaa chini, kama bata aliyeshiba.

Fundi akaenda akapitisha mkono juu ya tairi la mbele, ukapita wote na nafasi ikabaki. Akaenda nyuma. Hata vidole havikupenya.

"Matairi ya mbele yanaitembelea barabara tu, hayajakaa," akasema. "Utayaelekeza vipi yenyewe hayajakanyaga? Mzee, huko nyuma umebeba nini?"

"Nguo," akasema Rubani.

"Nguo?"

"Na viatu."

"Nguo za zege?"

Enzi za kazi yangu, vijana wa kiwanda walipokuwa wavivu, walikuwa wanarundika trei zote kwenye mlango wa nyuma wa gari la mikate, na gari likawa linaniyumbia vivi hivi. Nikakumbuka buti la mizigo. Chini ya kitanda changu, kwa nje, kuna buti kubwa la upana wa gari zima. Tangu tuondoke, Rubani alikuwa ananiambia kitasa chake kimekufa na ufunguo umevunjikia ndani.

"Fundi, lifungue lile," nikasema.

Rubani aliwahi kufika kuliko nilivyowahi kumwona akiwahi kazi yoyote. Akaliegemea buti kwa mgongo, mikono ameitandaza.

"Mke wangu, usifungue. Humo mna nyoka. Nilimwona."

"Basi tumtoe. Amekuwa mzito."

Fundi akamsogeza kwa kiwiko, akaingiza bisibisi, akakaza mkono. Kitasa kilichokufa kikafufuka na kusema tak.

Hamkuwa na nyoka. Palikuwa na maboksi ya vigae, yamepangwa kwa ustadi kutoka ukuta hadi ukuta. Mifuko ya gundi ya vigae. Sinki. Mabomba yanayong'aa. Na katikati, kimefungwa blanketi langu jema nililolitafuta mpaka nikachoka, choo kipya cheupe chenye mfuniko wa rangi ya waridi.

Sisi kwenye nyumba yetu tuna choo ambacho ukikaa, magoti yanagonga mlango na kichwa kinagonga dirisha. Na muda wote huo nilikuwa nimelala juu ya bafu la kifalme. Bafu la nani?

"Vya nani hivi?"

Rubani akatazama viatu vyake.

"Rubani, nimekuuliza. Vya nani?"

"Vya dada yangu."

"Dada gani? Hujawahi kunitajia dada."

Akaketi chini, palepale penye oili, na suruali yake ya suti. Akasema ana dada mmoja tu duniani. Mguu wake mbovu. Alianguka bafuni kwenye sakafu mbaya, akaumia. Yeye kama kaka akaapa kumjengea bafu la maana. "Nilikuficha kwa sababu niliogopa, mke wangu. Nilijua utasema, huyu ameoa ili alete ukoo wake wote unile."

Machozi yakamtoka. Machozi ya kweli, yana maji.

Nanyi hapa chekeni kabisa, nimewapa ruhusa. Moyo wangu uliyeyuka kama siagi. Nikamwona mume wangu mtu mwema aliyeshindwa tu kusema. Nikajiona mimi ndiye mbaya, mwanamke wa kutisha kiasi cha kufichwa wifi yake mgonjwa. Nikamfuta machozi kwa kanga yangu.

"Wifi yangu anakaa wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mji huu unaofuata," akasema, akajutia papo hapo.

"Basi tunampelekea sasa hivi. Na mimi nimsalimie."

"Sasa? Mchana huwa anapumzika."

"Nitamwamsha taratibu."

"Ana mbwa mkali."

"Buti lina nyoka, dada ana mbwa. Rubani, ukoo wenu unafuga nini kingine? Simama tubebe."

Tulitoa maboksi yote butini, tukayapanga sakafuni kutoka jikoni kwenda mbele, fundi akielekeza kila boksi kama anayepanga dawa kwenye kabati. Kila boksi lililosogea mbele, pua ilishuka. Choo hakikupata nafasi. Nikakikalisha kwenye kiti cha mbele cha abiria na kukifunga mkanda.

"Na mimi nikae wapi?" Rubani akauliza.

"Kitandani. Wewe umechoshwa na magari. Kapumzike."

Nikanyoosha mkono. Akanitazama, akazitazama funguo, akanipa.

Fundi akapanda naye, akakaa juu ya vigae. "Lazima nihakikishe kazi yangu," akasema. Uongo mtupu. Ni umbea uliompandisha.

Nikawasha. Nikaingia barabarani, nikaongeza mwendo, nikaongeza tena. Nyumba ikanyooka kama imepigwa rula. Lori la mbao likatupita kwa kishindo, gari likashtuka mabega tu, likaendelea. Mikono yangu ilikuwa imetulia kwenye usukani na macho yangu yamejaa maji. Nilikuwa nimesahau kwamba kuna kitu ninachokijua vizuri. Nilikipeleka mwenyewe nyuma, nikakilaza kitandani, nikakifunika shuka.

"Mama, wewe ni dereva," akasema fundi.

"Najua," nikamjibu.

Tulipoingia mjini, sauti ya Rubani ikawa inatoka nyuma ikituelekeza. Kulia. Kushoto. Kadiri tulivyokaribia ndivyo ilivyopungua, mpaka mwisho fundi akawa anaichukua na kunipitishia. "Anasema geti la bluu. Anasema si lazima kupiga honi."

Nikapiga honi.

Geti likafunguliwa na mama wa umri wangu, mnene wa kupendeza, amejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa na fimbo mkononi na mguu mmoja anauburuta.

Nilipouona mguu ule, ile punje ya mwisho ya wasiwasi ikaniondoka. Kumbe mume wangu alisema kweli! Nikaruka chini, mikono nimeipanua.

"Wifi!"

"Wifi yangu!" naye akapiga kelele, akaitupa fimbo, akanikumbatia.

Tukashikana pale getini, tukacheka, tukalia kidogo kama wanawake wanaojuana miaka yote. Alinukia sabuni ya unga na vitunguu. Nilimpenda hapo hapo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Siku zote naambiwa utakuja, utakuja. Mungu amekuleta," akasema.

"Nami nilichelewa kuambiwa, wifi. Pole na mguu. Vigae vimefika, na choo kimekaa mbele kama bosi."

Akacheka mpaka akanishika bega. Halafu akalitazama gari, kutoka pua hadi nyuma, na uso wake ukabadilika, ukawa kama wa mtu anayeomba dua.

"Kumbe ni kubwa hivi! Wifi, nikushukuru vipi? Kaka yako aliponiambia umetununulia nyumba ya kutembea, mimi na yeye, ili tupumzike uzeeni, nilimwambia ananitania."

"Kaka yangu?" nikauliza.

Hakunisikia. Alishageuka, anaita uani kwa sauti ya furaha. "Njooni! Njooni nje! Baba yenu amerudi, na shangazi yenu amekuja naye!"

Nikageuka kutazama gari. Fundi amesimama mlangoni, mdomo wazi. Kule nyuma pazia la kitanda likavutwa, likafungwa.

Wakatoka watatu, wakubwa, wawili wakiwa na kidevu cha Rubani kile kile. Msichana akatangulia, akanijia mbio, akanishika mkono wenye funguo kwa mikono yake miwili, akapiga goti.

"Shikamoo, shangazi."

Mama yao akasimama nyuma yake, anatabasamu. Wote wakanitazama mdomo, wakingoja niitikie.